Ukuaji baada ya kiwewe

Ukuaji baada ya kiwewe ni mabadiliko mema ambayo mtu anaweza kuyapata anapojijenga upya baada ya pigo kubwa, kama vile kufiwa, ajali, vita au ugonjwa mzito. Haimaanishi kwamba pigo lenyewe ni jema: mtu anaweza kukua huku bado anaumia.

Asili ya dhana

Dhana hiyo ilienezwa na wanasaikolojia wa Marekani Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, waliotoa mwaka 1996 kipimo chenye vipengele 21. Kipimo hicho huangalia mambo matano: uhusiano na wengine, nafasi mpya za maisha, nguvu ya mtu binafsi, mabadiliko ya kiroho na kuthamini uhai. Wakosoaji husema kwamba hutegemea mno maelezo ya mhusika mwenyewe.

Mara nyingi dhana hiyo hufananishwa na kintsugi, ufundi wa Japani wa kuunga vyombo vilivyovunjika kwa utomvu na unga wa dhahabu, ili ufa uonekane badala ya kufichwa.

Njombe na Makambako

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, una kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa mingine ya Tanzania. Utafiti wa 2011-2012 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15-49 wana virusi, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 5.1. Makambako ni njia panda, ambapo barabara ya Songea na Njombe hukutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA hupita hapo.

Tangu 2004 dawa za kufubaza virusi hutolewa bure nchini. Anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Hata hivyo dawa haziondoi aibu. Sheria ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa, lakini wengi bado huficha hali yao.

Ndiyo sababu ya umuhimu wa vikundi vya watu wanaoishi na VVU, ambavyo katika halmashauri huunganishwa na mtandao uitwao konga. Wanachama hukumbushana dawa, huweka akiba na kuwatembelea waliokata tamaa. Aliyepokea msaada jana anaweza kuwa mshauri kesho.

Tahadhari

Ukuaji huu haulazimishwi. Kumwambia mgonjwa au mfiwa "aone mazuri" mapema mno kunaweza kumwongezea mzigo; kwanza anahitaji kusikilizwa.