Ziwa Kivu: Mota ya esansi inaweza kugeuzwa ya umeme, ila hesabu ya kurudi ifanywe mbele ya kuondoka

Kwa mwenye mtumbwi wa mota kwenye ziwa Kivu, siku inaanzia kwenye bidoni. Esansi ikipanda bei, faida ya sambaza ao ya abiria inapungua palepale. Esansi ikikosekana, mota inalala ufukoni na mwenyewe anarudi kwenye kasia. Ndiyo maana swali hili lina uzito huku Kivu: mota hiyohiyo ya zamani inaweza kutembea kwa umeme?

Jibu ni ndiyo, na kazi yenyewe haimshindi mekanisie mzuri akisaidiana na fundi wa umeme. Mota ya mtumbwi ina sehemu tatu: kichwa chenye kuchoma esansi, mguu wenye chuma kirefu kinachozunguka ndani, na chini kabisa meno ya chuma yanayozungusha panga ya majini. Kinachotolewa ni kichwa peke yake. Mguu na panga vinabaki. Mahali pa kichwa panafungwa sahani nene ya chuma, na juu yake mota ya umeme ya kilowati 3 hadi 5, inayolingana na zile za piki piki za umeme.

Kazi ngumu ni kuunganisha mota mpya na chuma cha mguu. Vikiachana hata kidogo na mstari mmoja, mtetemo utakula meno na kufungua njia ya maji. Pampu ndogo ya mpira iliyokuwa inapandisha maji ya kupoza injini inatolewa, isipokuwa kama mota mpya nayo inapozwa kwa maji. Mafuta ya meno yanaendelea kubadilishwa kama zamani.

Kisha inakuja betri, na hapo ndipo wengi wanadanganyika. Betri ya lithiamu ya volti 48 na ampea-saa 100 inabeba karibu saa-kilowati 4,8. Lita moja tu ya esansi ina karibu saa-kilowati 9, hata kama injini ndogo inapoteza sehemu kubwa katika joto na moshi. Kwa hiyo betri hiyo nzima inafanya kazi ya lita chache tu.

Tuchukue mfano. Mtumbwi unatembea kilometa 8 kwa saa, mota inakula kilowati 3. Ukiacha sehemu ya tano ya betri kama akiba, unapata saa moja na robo hivi, ni kusema kilometa 10: tano za kwenda, tano za kurudi. Hiyo inatosha kwa mvuvi wa karibu na kwa kivuko kifupi. Haitoshi kwa safari ya Goma hadi Bukavu, kwani ziwa lina urefu wa karibu kilometa 90.

Mwendo nao una siri yake. Kwa mtumbwi unaopasua maji polepole, kupunguza mbio kwa sehemu ya tano kunapunguza umeme unaotumiwa kila saa kwa karibu nusu. Mwenye haraka atabaki katikati ya maji. Upepo wa mbele na mizigo vinakula betri vilevile.

Hatari nyingine ni uzito. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo ina karibu kilo 50. Zile za risasi, kama za magari, zinaweza kupita kilo 100 kwa umeme uleule. Wakaaji wa Goma hawajasahau boti Merdi, iliyozama tarehe 3 Oktoba 2024 karibu na bandari ya Kituku ikiwa imejaa kupita kiasi. Kilo za betri zinatolewa kwenye hesabu ya mizigo, haziongezwi juu yake. Betri inafungwa chini, katikati, ndani ya sanduku lisiloingia maji, na fyuzi iwe karibu nayo: nyaya zikigusana, moto unawaka mara moja.

Na umeme utatoka wapi? Bukavu inategemea Ruzizi, mto unaotoka kwenye ziwa hilohilo na wenye stesheni ya umeme tangu 1958, lakini umeme unakatikakatika. Paneli za jua za wati 1.200, zikipata masaa 5 ya jua kali, zinaweza kurudisha kilichotumiwa na betri hiyo kwa siku. Kenya, kwenye ziwa Victoria, wavuvi wamekwisha kuanza kutumia mota za umeme.

Faida ipo: hakuna bidoni, hakuna moshi, hakuna esansi yenye kuelea juu ya maji ambayo wakaaji wa pembeni wanachota. Lakini gharama ya betri inalipwa yote mwanzoni, wakati esansi inanunuliwa kidogo kidogo. Ndiyo maana shirika la wavuvi lenye kununua paneli kwa pamoja linaweza kufika pale mvuvi mmoja hafiki.

Na kasia isitolewe mtumbwini. Hata betri ikiwa imejaa.