Vijana wa Kasese na Hadithi za Ajabu

Si ajabu kwa mzazi wa Kasese au Bwera kufungua sanduku la mwanawe aliyerudi kutoka shule ya bweni, akakuta chini ya sare kitabu kilichong'oka jalada, kurasa zake zimelegea kwa kupita mikono mingi. Ni hadithi ya majoka, wachawi na falme zisizokuwamo katika ramani yoyote. Kijana anayenung'unika akiamshwa kuteka maji hukesha na tochi akikisoma, na huenda akazijua habari za mwandishi wake kuliko za shangazi yake mwenyewe.

Mapenzi haya yameenea duniani. J. K. Rowling wa Uingereza alitoa kitabu cha kwanza cha Harry Potter mwaka 1997, na vilivyofuata viliwafanya vijana wa nchi nyingi wajipange usiku wa manane mbele ya maduka, wamevaa majoho ya kichawi. Huko Marekani, wako wazazi waliodai vitabu hivyo viondolewe katika maktaba za shule kwa kuhofu kwamba vinafundisha uchawi. Katika nyumba za Kasese, ambako Ukristo una mizizi na neno uchawi halifanyiwi mzaha, hofu hiyo si ngeni. Hata hivyo, mama atakayekisoma kwanza kabla ya kukitia jikoni atakuta humo yatima anayetafuta ndugu, urafiki, na hofu ya mitihani.

Wala wasomaji wa Kiswahili hawakuanza jana. Katika Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, mtu analazimishwa na jini kuwapiga kila usiku nduguze waliogeuzwa manyani, na kitabu hicho kimesomwa mashuleni bila ya mtu kugeuka mchawi.

Linalosikitisha ni jingine. Kijana wa Bwera anayesoma habari za milima ya kubuni anaishi chini ya Rwenzori, mlima ambao baadhi ya watu huuhusisha na Milima ya Mwezi aliyoitaja Ptolemy zamani sana. Kwa imani ya asili ya Wakonzo, Nzururu, yaani theluji, ndiye baba wa Kitasamba na Nyabibuya, wenye mamlaka juu ya uhai na uzazi wa wanadamu. Jina la theluji hiyo ndilo lililobebwa na vuguvugu la Rwenzururu lililozuka mwaka 1962, likiongozwa na mwalimu Isaya Mukirane, ambaye miaka ya 1950 alikuwa ameunda chama cha kukusanya historia na maisha ya watu wake. Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta maajabu.

Nnedi Okorafor, mzaliwa wa Marekani kwa wazazi wa Nigeria, aliliona hilo. Kitabu chake Akata Witch cha mwaka 2011 kimechota imani na maandishi ya kale ya kwao, na vijana wanaokipenda hawakipendi kwa kuhurumia Afrika, bali kwa kuwa hawawezi kukiweka chini.

Theluji yenyewe haisubiri. Barafu ya Rwenzori iliyokuwa na eneo la kilometa za mraba zipatazo 6.5 mwaka 1906 ilikuwa imepungua chini ya moja mwaka 2003. Nao mabibi wanaozijua hadithi hizo jioni wamekaa peke yao, kwa kuwa wajukuu wako bweni au wameinamia simu.

Kwa shilingi chache hupatikana daftari. Wakati wa likizo mjukuu anaweza kuketi jikoni na kuandika bibi anavyosimulia, kwa Lhukonzo kwanza, akiitunza ile "lh" ambayo shule nyingi hazikumfundisha, ndipo baadaye afanye riwaya yake kwa lugha aitakayo. Hapo hapatakosekana ubishi. Wako wazee watakaosema kwamba Kitasamba hutajwa penye ibada tu, si katika kitabu cha kuchezea, na kijana atalazimika kuuliza lipi ni la kuandikwa na lipi ni la kunyamaziwa. Bibi naye ataweza kumkatalia hadithi moja, akampa nyingine tatu.