Ajali haina kinga, lakini bahari ina adabu zake

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, kiti cha mwenzangu wa kazi kilikaa kitupu. Tulikuwa makarani wawili katika ofisi ndogo ya mizigo hapa kisiwani Mombasa, mimi mkazi wa Mji wa Kale, yeye akikaa Mtongwe, ng'ambo ya Kilindini. Tukadhani amecheleweshwa na feri, kwani wakaao ng'ambo huchelewa mara kwa mara. Chai yake ikapoa juu ya meza. Punde mtu akaingia mbio kutoka barabarani, akasema, "Feri imepinduka Mtongwe."

Msomaji wangu, yaliyofuata yameandikwa sana. Watu 272 walikufa asubuhi ile, umbali mfupi tu kutoka ufukoni. Wengi wao walikuwa wakienda kazini kama siku zote. Chombo kilichotakiwa kubeba watu 300 kilikuwa na watu wapatao 400. Mwenzangu alipatikana siku ya pili.

Mazishini, mzee mmoja alisema neno ambalo husemwa katika kila msiba wa namna hii: "Ajali haina kinga." Sote tukaitikia kwa vichwa, nami nikaitikia. Lilikuwa neno la kumtuliza mjane, na kwa kazi hiyo ni neno zuri. Lakini tuliondoka nalo makaburini, tukalipeleka gatini, bandarini na majumbani, likawa jibu la kila jambo. Sasa imepita miaka zaidi ya 30, nami nataka kulirudia neno hilo, maana wazee walionifunza bahari hawakuishi kana kwamba hakuna kinga.

MASOMO YA NGAZINI

Sisi watoto wa kiume wa Kibokoni na Kuze, skuli yetu ya pili ilikuwa maji ya Bandari ya Kale. Tukitoka chuoni, kabla ya magharibi kuingia, tulishuka ngazi za upande wa Leven tukajitupa majini. Siku za kaskazi majahazi kutoka Arabuni yalikuwa yametia nanga hapo, nasi tukishindana nani atayafikia mwanzo.

Hatukuachwa hivi hivi. Alikuwapo mzee mmoja, nahodha aliyekwisha kuacha safari, ambaye sote tukimwita Ami, awe ni ami yako au siye. Alikaa juu ya ngazi na bakora yake na kikombe cha kahawa. Hapana mtoto aliyeingia majini bila ya kumwamkia, na ukisha kumwamkia alikuuliza swali lile lile: "Maji yaja au yatoka?"

Ukikosea, ulirudi nyumbani mkavu. Ukipatia, alikuuliza umejuaje. Jibu alilolitaka lilikuwa hili: tazama mashua zilizotia nanga. Siku isiyo na upepo mwingi, omo ya mashua huelekea kule maji yatokako. Ikielekea baharini, maji yaja. Ikielekea Tudor, maji yatoka, na maji yatokayo si ya watoto kuchezea.

Alikuwa na sababu. Bahari ya Mombasa, siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Maji yaliyoijaza hori ya Tudor hurudi baharini kwa njia ile nyembamba baina ya Mji wa Kale na Nyali. Mtu hata akiwa na nguvu za simba hawezi kushindana na mkondo ule. Ami alitufunza kwamba ukichukuliwa usipige makasia ya kurudi ulikotoka. Ukate mkondo kwa ubavu, pole pole, hata uifikie nchi kavu mahali pengine, kisha utembee kurudi kwenu.

Alikuwa na amri nyingine mbili. Usiogelee peke yako. Na mwenzio akizama, usimrukie. "Mfa maji hukamata maji," akisema, "sembuse wewe mwenye shingo." Mtupie kamba, mtupie kasia, mtupie debe tupu, kisha upige ukelele. Nimesoma miaka ya karibuni maagizo ya wataalamu wa uokoaji wa nchi za mbali, na shauri lao kwa mtu asiye na mafunzo ndilo hilo la Ami: tupa kitu, usijitupe wewe.

Si kila la kale lilikuwa sawa. Tulizoea kumpindua aliyezama miguu juu kichwa chini, na kumkamua tumbo ili maji yatoke. Leo waganga wanasema mambo hayo humpotezea mgonjwa dakika zake za mwisho. Anachohitaji mtu asiyevuta pumzi ni pumzi: apuliziwe hewa kinywani kwanza, kisha asukumwe kifua, huku msaada ukiitwa.

MAANA YA NENO AJALI

Ami alikuwa mcha Mungu. Sala zake nyingi alizisali msikiti wa Mandhry, na nyumbani kwake hakuna aliyethubutu kusema kwamba jambo latoka nje ya kudra. Siku moja nilimwuliza, kijana mjuzi kama nilivyojiona, "Ami, kama siku ya mtu imeandikwa, mbona watukataza?"

Akanijibu kwamba sikuijua lugha yangu. Ajali, alisema, ni neno la Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu ya kufa. Hiyo ndiyo isiyo na kinga. Mfalme hana kinga nayo, wala tajiri. Lakini kamba iliyooza si ajali. Chombo kilichopakiwa hata maji yakakaribia ukingo si ajali. Hayo ni matendo ya watu, na watu wataulizwa.

Tangu hapo tumelitumia neno ajali kwa kila gari lililogongana na kila chombo kilichozama, na methali ya kumtayarisha mtu kwa mauti tumeigeuza kuwa udhuru wa uzembe. Nahodha wa zamani, kabla ya kung'oa nanga, aliutazama ubavu wa chombo chake akaona umeingia majini kiasi gani. Kikizidi kiasi, alimteremsha mtu, hata akiwa mkwewe. Hakuna aliyemwambia kwamba ajali haina kinga.

Mambo ya chombo kilichojazwa yanajulikana. Watu waliosimama juu ya sitaha huupandisha uzito juu, chombo kikawa chepesi wa kuyumba. Wakisogea wote upande mmoja, kwa haraka ya kushuka au kwa hofu, hulala ubavu na hakirudi. Ndugu zetu wa Zanzibar waliliona hilo Septemba 2011, chombo Spice Islander kilichojaa kupita kiasi kilipozama usiku kati ya Unguja na Pemba. Ndugu zetu wa Ziwa Viktoria waliliona Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Chombo hicho nacho kilibeba watu zaidi ya kiasi chake, nacho pia kilikuwa kimekaribia kufika. Abiria wa Mtongwe, wa Pemba na wa Ukara hawakujuana, lakini waliuawa na jambo moja.

BINTI YANGU

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Wanangu wawili wa kiume niliwafundisha kuogelea mwenyewe, pale pale ngazini. Binti yangu sikumfundisha. Hakuna aliyenikataza. Ilikuwa desturi tu: mtoto wa kike haendi ngazini, na kwa hiyo bahari iliyo hatua 200 kutoka mlango wetu aliijua kwa kuitazama dirishani.

Binti huyo ameolewa Likoni. Huvuka kwa feri kila siku pamoja na mamia ya maelfu ya watu wengine, kwenda na kurudi. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri pale Likoni, likazama na mama na bintiye mdogo. Miili yao ilitolewa tarehe 11 Oktoba. Siku zote zile mji mzima ulikuwa ukiyatazama yale maji, na binti yangu aliendelea kuyavuka, mtoto wake mkononi, maana kazi haingoji.

Jioni moja katika siku hizo nilimwuliza, "Mwanangu, yakikufika utafanyaje?"

Akanijibu, "Baba, nitapiga ukelele."

Jibu hilo lilininyima usingizi. Binti wa Mji wa Kale, mjukuu wa mabaharia, silaha yake mbele ya bahari ni ukelele! Na wa kulaumiwa si serikali wala si feri. Ni mimi.

WENGINE WAMEFANYA

Kule Nungwi, Unguja, wapo waliokwisha kulifikiria jambo hili. Tangu 2011 mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea, wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima, na madumu matupu ya plastiki yakiwasaidia kuelea. Desturi haikuvunjwa, imeshonewa nguo ya kuingilia majini.

Bangladesh, nchi ya mito na vidimbwi, iliona kwamba watoto wake wadogo walikuwa wakifa maji hasa nyakati za asubuhi, mama anaposhughulika na kazi. Wanavijiji wakafungua nyumba za kuwakusanya watoto saa hizo chini ya jicho la mama mmoja aliyefunzwa, na vifo vya watoto wale vikapungua sana. Niliposoma habari hizo nilizikumbuka baraza zetu. Wazee waliokaa barazani Kibokoni hawakuwa wakinywa kahawa tu. Mtoto aliyepita peke yake kuelekea pwani aliulizwa, "Wewe mwana wa fulani, waenda wapi?" Barazani leo wenye simu ni wengi kuliko wenye kuuliza.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu nusu yao hawakufika miaka 30. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliiteua tarehe 25 Julai kuwa siku ya kila mwaka ya kuzuia vifo hivi. Mambo yanayoshauriwa si makubwa: kuziba njia za hatari, kuwalinda watoto wadogo, kuwafunza kuogelea wanaokwenda skuli, kuwafunza watu wazima kuokoa na kupulizia pumzi, na kusimamia sheria za vyombo. Ukiyatazama vizuri, ni bakora ya Ami, baraza la mtaa na jicho la nahodha, yakiandikwa kwenye karatasi.

MAJI YAJA

Mwezi uliopita nilimchukua mjukuu wangu wa miaka 9, mama yake akiwa ameketi ufukoni. Tulichagua siku ya maji mafu, asubuhi na mapema, pahali pasipo mkondo. Alivaa suruali ndefu na kanzu yake ya mikono, na kifuani nikamfunga dumu tupu. Kabla hajalowa hata kidole nilimwuliza, "Maji yaja au yatoka?"

Akazitazama mashua kwa muda mrefu. "Yaja, Babu. Zimeangalia nje."

Siku hiyo alijifunza kuelea tu, na kulala chali bila ya hofu. Inatosha kwa kuanzia, maana anayejua kuelea ana nafasi ya kungoja mwokozi. Mama yake naye ameniambia atakuja, lakini si mbele ya watu. Tutatafuta saa yake.

Wazazi wa Mji wa Kale, mnao watoto wa kike. Wafundisheni, au watafuteni mama wajuao wawafundishe. Walimu wa skuli na wa vyuo, bahari iko mlangoni mwenu. Enyi msimamao gatini, feri ikijaa ngojeni ijayo, na mtu akiwazuia langoni msimtukane, kwani yeye ndiye nahodha mwenye kuutazama ubavu wa chombo. Nanyi mwenye kukisimamia chombo, mkishafika hesabu yenu, fungeni mlango hata akilia mkweo.

Mwenzangu wa Mtongwe huenda siku yake ilikuwa imefika. Hilo ni la Mungu, sina la kusema. Lakini wale watu 100 wa ziada walipandishwa na watu, na siku ya watu kuhesabiana haina haja ya kungojewa. Hata kesho asubuhi yaweza kuwa ndiyo.