Juri: Maana Yake na Faida Yake

Huko Uingereza, mtu akishtakiwa kosa kubwa, jaji haamui peke yake kama ametenda au hakutenda. Huitwa raia 12, wanaume kwa wanawake, ambao majina yao yametolewa kwa bahati katika daftari la wapiga kura. Hao si wanasheria. Yamkini mmoja ni mwashi, wa pili mwalimu, wa tatu muuza samaki. Huapa kwamba watatoa uamuzi wa kweli kwa kadiri ya ushahidi. Kundi hilo ndilo liitwalo juri. Jaji aeleza sheria na kukata adhabu. Juri yaamua kama mshtakiwa ana hatia au hana.

Msomaji asiichanganye juri na wazee wa baraza. Zamani za utawala wa Waingereza katika Kenya na Tanganyika, wazee hao walikaa pamoja na jaji na kumpa shauri, lakini jaji hakufungwa na shauri lao. Neno la juri si shauri, ni uamuzi.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini kumwacha jaji mwenye elimu na kuwauliza watu wasiojua sheria? Jawabu laonekana katika kesi moja ya London ya mwaka 1670.

Mwaka huo William Penn, kijana wa miaka 25, wa dhehebu la Kikristo liitwalo Marafiki, alikuta nyumba yao ya ibada imefungwa na askari. Basi akahubiri njiani. Akashikwa pamoja na mwenziwe, William Mead, wakashtakiwa kwamba wamekusanya watu kinyume cha sheria na kuleta ghasia. Waamuzi wa baraza walitaka sana waonekane wana hatia. Lakini juri, ambayo mmoja wao alikuwa Edward Bushell, ilisema tu kwamba Penn alinena katika njia ya Gracechurch, haikutaja ghasia. Waamuzi wakaghadhibika, wakawafungia wale 12 pasipo chakula, wala maji, wala moto. Ukapita usiku wa kwanza, na wa pili. Kila walipoletwa barazani walitishwa, wakarudishwa. Mwisho wakatamka kwamba washtakiwa wote wawili hawana hatia. Kwa neno hilo wakatozwa faini, wakatiwa gerezani mpaka walipe.

Bushell na baadhi ya wenziwe walikataa kulipa, wakapeleka mashtaka yao mahakama ya juu. Huko jaji mkuu John Vaughan aliamua kwamba juri isiadhibiwe kwa ajili ya uamuzi wake. Maana aliyeapa ameapa kwa yale aliyoyasadiki mwenyewe, si kwa yale aliyoyasadiki mwingine. Wakafunguliwa, na tangu hapo neno hilo limekuwa msingi wa sheria.

Faida yake, basi, ni hii. Wazee walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwenye mamlaka akishtaki na kuamua yeye mwenyewe, mnyonge atakimbilia wapi? Juri husimama kati yao. Tena humfunza raia kusikiliza pande zote mbili na kutupa uvumi wa sokoni, kwa kuwa maisha ya jirani yake yamo mikononi mwake.

Lakini juri si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 1955, katika jimbo la Mississippi huko Marekani, juri ya Wazungu 12 iliwaachilia watu wawili walioshtakiwa kumwua Emmett Till, kijana Mweusi wa miaka 14. Walishauriana muda wa saa moja na kitu tu. Mwaka uliofuata wawili wale walikiri katika gazeti kwamba ndio waliomwua.

Hapo twaona kwamba sheria yaweza kumpa mtu kiti cha mwamuzi, bali haiwezi kumpa moyo wa haki. Bushell alikuwa nao kabla hajaitwa barazani. Nasi tuujenge moyo huo nyumbani na vijijini mwetu, kila tunapoketi kusikiliza ugomvi wa watu wawili.