Video za mtindo wa zamani: Kicheko ni cha wote, wimbo una mwenyewe

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

WIMBO wa Maria Salome, ambao wengi huuita Chambua kama Karanga, ndio uliomtoa Saida Karoli mkoani Kagera na kumfikisha katika redio za Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016, Diamond Platnumz akimshirikisha Rayvanny aliutengeneza upya na kuuita Salome. Agosti 2017, kundi lake la WCB Wasafi lilirejea tena zamani, safari hii kwa kicheko, katika video ya Zilipendwa.

Kazi hizo zote mbili zimechota kisima kimoja, lakini hazikuchota kitu kimoja. Ya kwanza ilichukua wimbo, ya pili ikachukua mtindo.

Zilipendwa ni jina ambalo redio zetu zimezoea kuziita nyimbo za dansi za enzi zilizopita. Katika video hiyo, nyota wa kizazi kipya wanavaa na kucheza kama vijana wa zamani. Kicheko kinatokana na mgongano wa nyakati, na kinafanana na utani wa mjukuu na babu: mjukuu hucheka kwa sababu anajua kuwa babu ni wake. Asiyeijua enzi inayotaniwa huona nguo za ajabu tu.

Mavazi nayo yana historia yake. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Ujana uliokemewa hadharani wakati huo ndio leo unaokumbukwa kwa tabasamu. Kilichokuwa kosa kimegeuka kichekesho.

Mbinu hiyo si ya Tanzania pekee. Kundi la Blink-182 la Marekani, linalopiga muziki wa panki uliochanganywa na pop, liliyatania makundi ya wavulana waimbaji katika video ya All the Small Things mwaka 1999. Katika First Date ya mwaka 2001, wanamuziki hao walijivika mavazi ya miaka ya 1970 na kujicheka wenyewe.

Hata hivyo, kuna mpaka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, hailindi wazo wala mtindo. Suruali pana na nywele za afro hazina mwenyewe. Wimbo unaye, na haki zake za kiuchumi hulindwa katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Hapo ndipo suala hili linapowagusa wasanii wa Bukoba na Muleba wanaoimba kwa Kihaya. Saida alikuwa amekaa kimya muda mrefu, hata uvumi wa kifo chake ukaenea. Salome ilipovuma, jina lake lilifufuka, na mwaka 2017 akatoa wimbo wa Orugambo. Kumbe aliyehesabiwa miongoni mwa zilipendwa alikuwa hai na bado ana sauti.

Wasanii wa mkoa huu wasisubiri kufufuliwa na wengine. Wasajili kazi zao na kuhifadhi mikataba yao mapema, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.