Fantasia ya Shaaban Robert: Sifa Stahiki au Mazoea?

Ni nadra mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kuhitimu bila kuambiwa kwamba Shaaban Robert (1909–1962) ni bingwa asiye na kifani. Sifa hiyo imejengwa kwa kiasi kikubwa na ushairi wake pamoja na insha. Hadithi zake za kifantasia, yaani Kusadikika (1951), Adili na Nduguze (1952) na Kufikirika (iliyochapishwa 1967), hubebwa na sifa hiyo bila kupimwa zenyewe. Zikiwekwa mizanini, je, uzito wake ni upi?

Shtaka kubwa zaidi linaihusu Adili na Nduguze. Msomaji wa Alfu Lela U Lela hatakawia kuutambua msuko wake. Katika hekaya hizo yumo Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, ambaye kila usiku huwachapa mbwa wawili kisha akawalilia. Mbwa hao ni nduguze waliomtosa baharini kwa kijicho, wakageuzwa na jini. Umo pia mji ambao watu wake wamekuwa mawe. Shaaban Robert amemweka Adili, liwali wa Janibu, mahali pa Abdullah, Mfalme Rai mahali pa Harun al-Rashid, na nyani mahali pa mbwa. Anayeipima fantasia kwa upya wa maajabu yake ana haki ya kunung'unika.

Lakini mwisho wa hadithi haukuazimwa. Katika hekaya ya Kiarabu, ndugu hao wakisharudishiwa umbo la binadamu humgeukia tena Abdullah na kutaka kumwua. Hasidi na Mwivu hawaurudii uovu. Wanasamehewa, wanatubu, wanaishi na ndugu yao kwa wema. Badiliko hilo linaigusa hata kasoro ambayo wahakiki hawachoki kuitaja, kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni bapa, na kwamba jina la mhusika humaliza kazi kabla hajafungua kinywa. Kasoro hiyo ni dhahiri kwa Majivuno, waziri wa Kusadikika. Kwa Hasidi, hoja inayumba, maana huyu anaishia kuishi kinyume cha jina lake.

Kufikirika ni nyembamba zaidi: mfalme asiye na mrithi, waganga wa kila aina, na mazungumzo yanayogeuka hotuba. Hata hivyo, si haki kuilaumu fantasia kwa hotuba hizo. Zimo vilevile katika Utubora Mkulima, riwaya isiyo na jini wala nyani. Huo ni udhaifu wa mwandishi aliyependa mno kufundisha, popote alipoiweka hadithi yake.

Kusadikika ndiyo yenye utata. Ni nchi inayoelea angani, mipaka yake ikiwa ni pepo. Lakini baada ya kurasa za mwanzo msomaji husahau kabisa kuwa yuko angani. Baraza, mashtaka na magereza yake ni ya ardhini. Kwa kipimo cha ubunifu wa ulimwengu mpya, kazi imeanguka. (Kipimo hicho, bila shaka, mwandishi hakukiomba.) Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita kuitafutia nchi mema, kisha wakarudi na kutupwa gerezani. Kitabu kilitoka Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Kumweka mshtakiwa huyo katika mahakama ya Tanga au Dar es Salaam lingekuwa jambo la hatari. Katika nchi ya hewani aliweza kusimama mbele ya mfalme, akasema siku baada ya siku, akaishinda kesi, na wajumbe wote sita wakafunguliwa.