Mali Iliyotawanyika Majanini

Jimbo la Nevada, Marekani, limejaa ardhi ya umma ambako, sehemu nyingi, mtu huruhusiwa kwenda na bunduki yake nyikani, akasimamisha shabaha na kuanza kulenga. Masharti yapo, na mojawapo ni kuondoka na taka zako zote, maganda ya risasi yakiwamo. Lakini ukiwaona watu wazima wameinama kupekua vichaka jua likizama, usidhani ni utiifu wa sheria tu. Wanaokota mali.

Kwa kawaida ganda ndilo lenye gharama kubwa kuliko sehemu nyingine za risasi, na ndilo pekee linaloweza kutumika tena. Mara nyingi hutengenezwa kwa shaba ya njano: takriban asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Mchanganyiko huu una mnyumbuko. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kubana kuta za chemba, gesi isipate upenyo wa kumrudia mpigaji; shinikizo likishuka, hunywea kidogo na kutoka bila kukwama. Ganda la chuma halinywei vizuri kiasi hicho.

Basi wenye ujuzi hulisafisha, wakalirudisha kwenye umbo lake na kulijaza upya. Si milele. Kila mzunguko huifanya shaba kuwa ngumu zaidi, mpaka mdomo upasuke. Hatari kubwa zaidi hujificha: mstari unaong'aa ukizunguka ganda karibu na kitako huweza kuashiria kwamba ukuta umekonda kwa ndani, na kitako kiko karibu kukatika. Mzoefu huingiza waya uliopindwa ncha na kupapasa. Akihisi mfereji, ganda hilo ni la kutupwa, hata kama linang'aa kama pete.

Uchambuzi huanzia palepale uwanjani. Sumaku huvuta maganda ya chuma. Yale madogo ya .22 hayajazwi tena kwa kawaida, kwa kuwa kiwashio chake kimo ndani ya ukingo wa kitako. Yaokotwe, lakini yaende kwenye vyuma chakavu. Yanayobaki yachunguliwe ndani. Tundu moja katikati ni mtindo wa Mwingereza Edward Boxer, na fataki yake, yaani kiwashio, hutolewa kwa kusukumwa na sindano. Matundu mawili ya pembeni ni mtindo wa Mmarekani Hiram Berdan, na hapo sindano hiyo huweza kuvunjika. Kichekesho ni kwamba Wamarekani wameushika zaidi ule wa Mwingereza.

Bunduki nyingi zinazojipakia hurusha maganda kulia, kwa hiyo turubai lililotandikwa upande huo huokoa viuno. Yabebwe kwenye mfuko wake, wala si ndani ya kofia kama wengi wafanyavyo: masizi ya fataki huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo za uwanjani zifuliwe peke yake.